Baridi Isiyokuwa ya Chumba

Tarehe 4 Juni

Mkwe wangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, pamoja na radhi ninazokuomba kwa kuchelewa kukujibu. Barua yako niliisoma siku ileile iliponifikia, nikairudia baada ya chakula, kisha nikaiweka chini ya Biblia ili nisiisahau, nikaisahau. Tafadhali uniwie radhi.

Nyumba ni salama. Karatasi yenye mayai ya hariri iko palepale ulipoiacha, ndani ya mkebe wa biskuti uliotoboa matundu, sakafuni mwa stoo, ubavuni mwa mtungi wa maji ambako jua halifiki. Kila asubuhi nafungua mfuniko, nayatazama, nafunika. Rangi yake ni ileile ya majivu. Marehemu mama yako mkwe alikuwa na desturi ya kuyasemesha mayai yake kana kwamba ni wageni waliolala chumba cha pili. Mimi sijui la kuyaambia, kwa hiyo nayasabahi tu na kuondoka.

Miforsadi uliyoipogoa kabla ya safari bado ni magongo matupu. Jirani yetu Fundi alichungulia juu ya ukuta, tepu yake ya kupimia ikiwa shingoni, akaniuliza kama tumeanza biashara ya kuuza fito. Nilimweleza kwamba kiwavi wa hariri hali jani lingine lolote isipokuwa la mforsadi, na kwamba umeipogoa makusudi ili ichipue majani laini, ndipo mayai yaamshwe. Akasema laiti na wageni wa mke wake wangejulikana hivyo wanachokula.

Baridi imeanza kidogo. Nina kikohozi, lakini ni cha vumbi la stoo, usikitie maanani.

Naomba niseme neno moja kabla ya kufunga. Mara ya kwanza ulipopata nafasi ya kusomea ufugaji wa hariri hapo Kituoni, uliiacha katikati ukarudi kumuuguza mama yako mkwe hadi mwisho wake. Hukulalamika, wala hakuna aliyekutuma. Safari hii nakusihi kwa heshima zote: usirudi kwa sababu ya mtu yeyote hadi ukipate cheti chako mkononi. Mwanangu, mume wako, angekuwa hai, angekuambia hayo kwa ufasaha kunishinda.

Ni mimi,
Baba mkwe wako


Tarehe 11 Juni

Baba,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma darasani chini ya meza kama mtoto wa shule, nikacheka ule mstari wa Biblia mpaka mwalimu akaniuliza kama nina la kuwachangia wenzangu.

Huku kazi ni nyingi. Asubuhi tunalisha viwavi, mchana tunasoma, jioni tunaosha matreya. Jambo nililojifunza wiki hii ningependa ulijue, maana ndilo unalolifanya wewe bila kufundishwa. Yai halijui Juni wala Julai. Linachokijua ni joto. Likikaa penye ubaridi, linalala. Likipata joto, linaanza kukua, na kila saa ya joto linaihesabu; likishatimiza kiasi chake linaanguliwa, majani yawepo au yasiwepo. Na joto likizidi mno, kilichomo ndani kinaungua kabla hakijatoka. Kwa hiyo usiyahamishe, Baba. Ubavu wa ule mtungi ndio mahali pake hadi machipukizi yafikie urefu wa kiganja chako. Hapo nitakuandikia namna ya kuyaamsha.

Hilo la baridi limenishangaza kidogo. Mwezi huu kwetu huwa ni wa kulala na dirisha wazi. Lakini mwaka haufanani na mwingine. Vaa sweta la kijivu, liko kwenye sanduku la juu, na kikohozi ukinywee maji ya moto.

Karatasi ile nyingine ya mayai ya Mama niliyokuja nayo iko kwenye mashine ya kupozea ya Kituo. Usiwe na wasiwasi nayo.

Mkweo akupendaye


Tarehe 19 Juni

Mkwe wangu mpendwa,

Uniwie radhi kwa mwandiko huu. Vidole vinakataa kushika kalamu sawasawa kwa baridi.

Sikumbuki baridi ya namna hii tangu tujenge nyumba hii. Nimevaa sweta la kijivu, na juu yake koti langu la harusi, na bado meno yanagongana ninapokaa kunywa chai. Hasa jioni hunijia kama mtu amefungua mlango nyuma yangu. Fundi ananidhihaki. Jana nilimkuta kibarazani amevaa fulana tu, anajipepea kwa kipande cha karatasi ya kukatia ruwaza, akaniuliza, "Mzee Samahani, unasafiri kwenda wapi na koti hilo?" Unafahamu kwamba hilo ndilo jina alilonibandika, na mtaa mzima umelichukua. Nilimjibu kwamba damu ya uzee ni nyepesi. Akasema yake ni nzito kwa sababu ya madeni ya wateja.

Nilichotaka kukueleza ni hiki, nami naamini utafurahi. Nilipoona mimi mtu mzima mwenye koti natetemeka, nilifikiria mayai yale yasiyo na hata shuka, sakafuni, ubavuni mwa mtungi wa maji. Nikaona yatakufa kabla hujarudi. Ndipo nilipomkumbuka mama yako. Nimekitafuta kile kifuko chake cha kitambaa chenye kamba, alichokuwa akikivaa shingoni kati ya shimizi na blauzi, nimekunja karatasi kwa uangalifu, nimeitia humo, na sasa naivaa kifuani usiku na mchana chini ya fulana. Sijaivua tangu Jumamosi. Nakiri kwamba inanifariji. Ni kama kushikiwa mahali katika foleni na mtu uliyemzoea.

Nilijua umeniambia nisiyahamishe. Naomba radhi kwa kuyahamisha. Lakini wewe uliandika hayo kabla hujaijua baridi ya huku.

Mimi ni mzima. Soma kwa bidii.

Baba mkwe wako


Tarehe 24 Juni

Baba,

Shikamoo. Tafadhali barua hii ikikufika, kabla hujaimaliza, toa kifuko hicho shingoni uirudishe karatasi kwenye mkebe, kando ya mtungi.

Mama aliyabeba mayai kifuani ili kuyaamsha, wakati majani yalikuwa yameshajaa miti. Hakuwa akiyakinga na baridi. Baridi ndiyo iliyokuwa ikiyatunza, Baba. Kifuani mwako yanahesabu saa usiku na mchana, na miti bado ni magongo.

Nimeandika kwa ukali na nimeona haya. Lakini kuna jambo nililokuficha. Ile karatasi niliyokuja nayo imeharibika. Mashine ya kupozea ilizimika siku ya mapumziko hakuna mtu aliyejua, na tuliporudi mayai yalikuwa yameanguliwa yote na viwavi wamekufa kwa njaa kwenye sakafu ya kabati. Sikutaka kukubebesha mzigo. Sasa wale wa Mama, aliowachagua mwaka baada ya mwaka yeye mwenyewe, wenye uzi mrefu usiokatika, wamebaki hao ulionao tu. Hakuna wengine mahali popote.

Nisamehe kwa kukuambia hivi. Ningekuambia mapema ungeelewa kwa nini nilisisitiza.

Mkweo


Tarehe 29 Juni

Mkwe wangu,

Barua yako imenifikia leo saa nne. Wao walitangulia juzi.

Nilikuwa nimeketi kitandani, nimelegea kidogo kwa uchovu, nikahisi kama nywele zinatembea kifuani. Nilipofungua kifuko nikaona vijiuzi vyeusi, vidogo kuliko nukta niliyoweka hapo, vinajikunjua juu ya karatasi, vingine vimeshapanda kwenye fulana yangu. Nilisimama katikati ya chumba, mikono nimeinyoosha, nikiogopa kupumua. Sikujua niwaweke wapi. Niliwaza kwamba mama yako angejua.

Zaidi ya nusu ya mayai hayakutoa kitu. Yamegeuka rangi ya kahawia na kubonyea kama punje zilizokaangwa.

Fundi ndiye aliyeniokoa. Alinikuta nimeshika majani ya mchicha nikiwabembeleza wale, akaniuliza kama nimepatwa na wazimu. Nilipomweleza, aliiacha suruali ya mtu kwenye cherehani, akapanda baiskeli, akazunguka mpaka akapata mforsadi mmoja uani mwa zahanati usiopogolewa. Analeta majani ndani ya mfuko wa shati kila asubuhi. Mhudumu wa pale amemwuliza anatibu ugonjwa gani, naye amejibu kwamba ni siri ya wazee. Tunawakatia majani kwa mkasi wake wa kushonea, membamba kama nyuzi za tumbaku. Wanakula. Si wengi, lakini wanakula.

Sina utetezi. Ulinikabidhi urithi wa mama yako, nami nimeuchoma kwa mwili wangu mwenyewe kwa kudhani nauhifadhi. Naomba radhi kwako, na kwake, ingawa yeye nitamwomba nitakapomwona.

Mimi ni mzima kabisa. Usikatize masomo kwa sababu ya jambo hili. Nakusihi tena.

Baba mkwe wako


Tarehe 3 Julai

Shemeji Fundi,

Hujambo, na mama watoto? Ahsante kwa majani. Deni la mkasi wako nitalilipa kwa skafu ya hariri, na ukimwambia mtu siri ya wazee nitakukana.

Nina swali, nakuomba unijibu bila mzaha hata kidogo. Hapo mtaani kuna baridi?

Nakuuliza kwa sababu mayai hayajui kudanganya. Hapa Kituoni tunayaweka kwenye makabati yenye joto mbalimbali na kuyatazama. Nimeyaona yaliyokaa kwenye joto la mwili wa mtu mzima mwenye afya, na hata Mama aliyabeba misimu mingi na mimi nikiwepo. Yanatoka taratibu, karibu yote, na hayaungui. Haya ya Baba yamekimbia, na zaidi ya nusu yameungua. Kifua kilichoyabeba kilikuwa na moto kuliko kifua chochote kinavyopaswa kuwa, siku nyingi mfululizo. Naye wakati huohuo ananiandikia anatetemeka kwa baridi.

Nenda umwekee mkono kwenye paji la uso. Ukimwuliza atakuambia ni mzima. Usimwulize.

Shemeji yako


Tarehe 6 Julai

Shemeji,

Baridi gani? Huku tunalala milango wazi, mbu wanatupangia zamu.

Barua yako imefika jana mchana, nikaenda hapohapo na sindano bado iko mdomoni. Mzee Samahani nilimkuta kwenye kiti cha sebuleni, koti mpaka kidevuni, ile treya ya wadudu iko magotini anawakatia majani. Nikamwambia Mzee, una inzi usoni, nikamgusa. Shemeji, pasi yangu ya mkaa ina nafuu. Anapumua kama mtu anayepanda ngazi na hali amekaa.

Nikamwambia twende hospitali. Akasema hawezi kuwaacha. Nikamwambia mke wangu atakaa nao. Akasema mke wako anaogopa hata mende. Nikamwambia leo haogopi. Hapo akaniangalia, akasema, "Fundi, samahani, nakuomba tu usimwandikie." Nikamwambia sawa, siandiki. Kwa hiyo ukiulizwa, hii hujaipata.

Daktari kasema ni homa ya mapafu, na kwamba haikuanza jana wala juzi. Kalazwa. Wamempa sindano, na hewa ya kwenye mpira puani. Alipovuliwa koti nesi akakuta ule mfuko bado uko shingoni, mtupu, akataka kuutupa. Mzee ambaye hana nguvu ya kuinua kikombe aliushika mkono wa yule dada mpaka akauacha.

Mimi sikuambii uje wala usije. Nakuambia tu alivyo.

Fundi


Tarehe 15 Julai
Wodi ya wanaume, kitanda cha dirishani

Mkwe wangu mpendwa,

Inaonekana ni kichekesho kukuandikia barua wakati wewe uko katika nyumba yangu, mitaa michache kutoka hapa, na saa kumi utakuja kuniona. Lakini saa ya wageni ni fupi, mgonjwa wa kitanda cha pili ana masikio, na kuna mambo ambayo baba mkwe hawezi kumwambia mkwe wake akiwa amevaa kanzu ya hospitali iliyofungwa kwa nyuma. Uniwie radhi.

Mwanzoni sikukuficha. Naomba uniamini kwa hilo. Niliamini kwa dhati kwamba baridi ilikuwa ya nyumba. Ni pale Fundi alipokuwa akijipepea mbele yangu ndipo nilipoanza kushuku, na tangu siku hiyo nilikuficha kwa makusudi. Nilijua ukisikia homa utafunga sanduku. Nikaona ni afadhali nife na adabu kuliko kukupotezea nafasi mara ya pili. Sikujua kwamba nilikuwa nimevaa shahidi kifuani.

Nesi huniwekea kipimajoto kwapani asubuhi na jioni. Mara ya kwanza alipokitazama alimwita mwenzake. Sasa ananionyesha mwenyewe. Jana thelathini na nane. Leo asubuhi thelathini na saba na nusu. Nakuandikia bila kupunguza.

Nawe nakuomba hivyohivyo. Juzi ulinieleza kwamba Mkuu wa Kituo amekupa ruhusa, na kwamba nafasi yako inakungoja. Uliyasema hayo ukikunja shuka ambayo ilikuwa imeshakunjwa. Nilikuona.

Baba mkwe wako


Tarehe 15 Julai

Baba,

Hii naiacha ndani ya kapu, chini ya bakuli la uji, maana nilipofika ulikuwa umelala na sikutaka wakuamshe. Barua yako nimeikuta kando ya mto wako, nimeisoma hapahapa.

Mkuu hakunipa ruhusa. Alisema kanuni ni moja kwa wote, na aliyeondoka kabla ya mtihani ameondoka. Nilimsikiliza mpaka mwisho, nikashukuru, nikaenda kufunga sanduku. Nafasi yangu imepewa mwingine. Naweza kuomba upya na kundi la Septemba na kuanza tangu somo la kwanza. Wanaweza wakanikubali, wanaweza wakakataa.

Hayo ndiyo yote. Sikutumwa na mtu, kama ulivyoandika ya Mama. Ninyi wawili mmenizoesha kudhani kwamba nina baba na mama, sasa mnashangaa nini?

Wako mia na kidogo waliobaki. Wamejivua ngozi mara ya pili jana. Mke wa Fundi amewapa majina kumi na wawili kati yao, na anaapa anawatofautisha. Na miforsadi imechipua, Baba. Machipukizi ni marefu kuliko kidole, bado hayajafika kiganja. Wangengoja kidogo tu.

Simaanishi kukulaumu. Nimeandika hivyo kwa sababu tumekubaliana kuandika bila kupunguza.

Mkweo


Tarehe 9 Oktoba

Mkwe wangu mpendwa,

Salamu nyingi. Nimefurahi kusikia kwamba umepokelewa na kundi jipya, ingawa wenzako ni watoto na wanakuita Shangazi. Naomba radhi kwamba mimi ndiye niliyekuzeesha darasani.

Nondo wa mwisho waliotokana na viwavi wetu walikufa siku chache baada ya wewe kuondoka, wakiwa wameshamaliza kutaga. Karatasi mpya ni moja tu, na haijajaa. Imegeuka kutoka manjano hadi majivu kama ulivyosema, na iko ndani ya mkebe, ubavuni mwa mtungi. Kifuko cha mama yako nimekitundika msumarini nje ya stoo, mahali ambapo nitakiona lakini sitakivaa.

Vipimajoto viwili ulivyoniachia navisoma kila asubuhi, nami nakutumia kama tulivyoagana. Stoo, digrii kumi na tisa. Mimi, thelathini na sita na nusu. Kikohozi hakipo. Daktari amenisikiliza mgongoni na kuniambia nimepona, na Fundi ameninyang'anya koti kwa kisingizio cha kulibadilishia bitana. Anasema atanirudishia mwakani.

Kuna jambo moja limenitatiza, na nimejiuliza kwa siku kadhaa kama ni adabu kuliandika. Nasikia baridi. Huanza jioni, ninapofunga mlango na kuvuta kiti mezani peke yangu. Mara ya kwanza niliogopa, nikajipima, nikaona thelathini na sita na nusu. Nikadhani kipimajoto kimeharibika, nikakipeleka kwa Fundi. Kilimpima vizuri, akaniuliza nikitoka hapo nitampima nani. Nikakileta sebuleni kile cha stoo, nikakisoma: digrii ishirini na sita. Basi baridi hii si ya chumba, na wala si ya mwili.

Sikuandikii ili urudi. Tafadhali usirudi. Nakuandikia kwa sababu uliniomba nisikufiche kitu, na hiki hakina kipimajoto, kwa hiyo usingeweza kukijua nisipokisema.

Asubuhi hii, kabla ya kufunika mkebe, kwa mara ya kwanza nilipata la kuyaambia mayai. Niliyaambia hilo la baridi. Kisha nikafunika, nikaona ni haki nikuambie na wewe.

Samahani kwa barua ndefu.

Baba yako